Hesabu ya Vichwa

Barua ya makao makuu imefika na muhuri wa buluu:
kampuni ina vichwa vya treni mia sita na arobaini,
Brzezina mtoe thelathini na vinne,
mbakishe vinavyolipa.

Mimi, Halszka, karani wa daftari la mashine,
nikavaa buti za marehemu baba na soksi jozi mbili
nikatoka kuhesabu.

Kuhesabu vichwa si kuhesabu magunia.
Kimoja kiko njiani kwenda Gdańsk na mabehewa arobaini ya makaa.
Kimoja kimelala tumbo wazi juu ya shimo la mafundi,
nyaya zimemwagika,
na mtu kaweka chupa yake ya chai katikati ya nyaya.
Vitatu vimekodishwa kwa Wacheki,
na Wacheki hawapokei simu.
Saba vimesimama njia ya kumi na tisa tangu mwaka wa mgomo;
theluji imevivika vilemba,
na kweli, si kila kichwa hustahimili kilemba.
Nikaviandika vyote saba.

Vile vipya, vyekundu, vina viyoyozi
na kioo kinachomwambia dereva kuwa amechoka
kabla mwenyewe hajapiga mwayo.
Ziemowit anavichukia.
"Kichwa kikijua kila kitu," anasema,
"wewe uliyekikalia ni nini?
Kofia."

Kufika adhuhuri nilikuwa na thelathini na vitatu.
Kalamu imeganda, naipumulia.

Njia ya ishirini na tatu, nyuma ya ghala la mchanga,
nikamkuta 1147.

Kwenye daftari langu amekufa.
Machi, miaka sita iliyopita: mstari mwekundu,
sahihi ya karani aliyenitangulia,
uzito wa chuma chakavu, tani sabini na mbili.
Nikavua glavu, nikaweka kiganja ubavuni.

Baridi ilikuwa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri
na maiti ana joto.

Bogumił wa zamu ya usiku akashuka ngazi
polepole, kama mtu aliyefumaniwa jikoni.
Hakukana.
Breki, akasema, tulizitoa kwa 902.
Pampu ya hewa kwa 1130, Mungu amrehemu.
Taa ya kushoto ni ya trekta la shemeji yangu.
Kila usiku, saa saba hadi saa kumi,
huyu ndiye anayepanga mabehewa,
ndipo asubuhi vile vyekundu vije kuvuta
na kupigwa picha.

"Anakunywa nini?" nikauliza. "Hana dizeli kwenye bajeti."
"Masalio. Kila tangi lina masalio, Halszka."

Nikakaa kwenye ngazi ya chuma.
Nikafungua orodha ya makao makuu, ukurasa wa tisa,
na huko, hebu ona, 1147 yu hai:
hakuna aliyewahi kuwapelekea habari ya msiba.
Wao wanamhesabu mzima,
daftari langu limemzika,
reli haijaulizwa na mtu.

Bogumił alikuwa anafuta mikono kwa tambara
chafu kuliko mikono.

Nikaandika:
*thelathini na nne. 1147. Atolewe.*
Kisha nikaandika upya kwa mwandiko mzuri zaidi,
maana mtu akifa mara ya pili
angalau aandikwe vizuri.

"Na sasa?" akauliza.
"Sasa badilisha ile taa," nikamwambia. "Inaonekana ya trekta."

Nikarudi ofisini. Buti zilikuwa zinavuja,
zimevuja tangu enzi za baba.

Usiku ule, saa saba na dakika kumi,
kitandani, dirisha limefungwa,
nikasikia mabehewa yakigongana kule bondeni,
la kwanza, la pili, pengo, la tatu.
Nikahesabu mpaka ishirini na sita.

Mume wangu akageuka. "Treni gani hiyo saa hizi?"

"Hamna treni," nikasema. "Lala."